Jumapili Mama Alipozima Majiko ya Kambi Muru

Runinga za zamani zilikuwa na harufu yake zikiwashwa: vumbi linalochomeka polepole na kitu kama nywele zilizoguswa na pasi. Mimi, Nekesa, nililelewa na harufu hiyo. Mama yangu alikuwa fundi wa redio na runinga katika kibanda cha mabati pale Kabiro, Kawangware, na nilizijua valvu kabla sijazijua desimali. Valvu ni vichupa vya kioo vilivyokuwa ndani ya runinga hizo; zikipata umeme zilipata moto na kuwaka rangi ya chungwa. Zilifungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zinazima, na kazi ya fundi ikawa kumtafuta marehemu. Mama alimtafuta kwa mkono mmoja, ule mwingine ameutia mfukoni, kwa sababu umeme ukiingilia mkono huu na kutokea ule unapitia moyoni. Wanaume waliopita njiani walidhani anaringa. Kusema kweli, alikuwa anaringa pia.

Hata hivyo walimletea redio tu. Runinga walizipeleka kwa mafundi wanaume. Ndiyo maana Baba Akinyi, mpishi aliyepanga Kambi Muru kule Kibera, alipotokea na runinga yake ya mbao juu ya mkokoteni, mama alisimama wima. Baba Akinyi alikuwa ameachiwa runinga hiyo na mwajiri aliyehama, na fundi wa kwanza alimshauri aifanye kabati. Lakini Jumapili ya wiki hiyo saa tisa alasiri binti yake, Akinyi, aliyekuwa shule ya bweni, angeonekana akiongoza kwaya ya shule yao, na baba mtu alikuwa ameshawatangazia majirani wote. Mama aliipata valvu iliyokufa, akaweka nyingine, picha ikajaa kioo. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Kesho yake mkokoteni ukarudi. "Mama Nekesa, hii kitu inanichezea," alilalamika Baba Akinyi. "Hapa kwako iko sawa. Nikifika kwangu, picha inakuwa nyembamba kama mshipi." Mama akaiwasha, picha safi. Akabadilisha valvu nyingine, Baba Akinyi akaondoka, na Jumamosi akarudi tena na malalamiko yale yale. Kufikia hapo vijana wa kibanda cha jirani walikuwa wanamwita mama "fundi wa mkokoteni". Niliwachukia. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mama, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, hakuwajibu. Alimwambia Baba Akinyi tu, "Irudishe nyumbani. Kesho nakuja mwenyewe."

Tulifika saa nane na nusu, tukitoka kanisani. Ploti ilikuwa na vyumba kumi vya kupanga vinavyotazamana, na vyote vilinukia vitunguu. Chumba cha Baba Akinyi hakikuwa na dirisha, hivyo taa iliwaka mchana. Katika runinga, msomaji wa habari alikuwa amebanwa kama chapati. Mama hakuigusa. Aliinua macho akaitazama balbu, nayo ilikuwa nyekundu kama kaa linalozimika. Akatoka, akachungulia kwa jirani: jiko la umeme, la koili. Mlango wa pili: koili. Mwenye ploti alikuwa amewavutia wapangaji wote waya mmoja, na kila jioni, kama Jumapili mchana, walipika wote kwa wakati mmoja. Umeme uliosalia haukutosha kuzipasha valvu moto.

"Mimi ni mjinga," mama alisema mbele ya watu wote. "Nimesumbua TV ya mwenyewe bure, na shida ni hii waya." Sikuwa nimewahi kumsikia fundi yeyote akisema hivyo, na nilimpenda zaidi papo hapo. Kisha akaanza kupita mlango kwa mlango.

"Zima koili, mama. Nusu saa tu."

"Na maharagwe yangu?" aliuliza jirani mmoja, mwiko mkononi.

"Itangoja. Akinyi hatangoja."

Jirani akacheka, akazima. Kila koili ilipozimwa picha ilipanuka kidogo, nami nikapaza sauti mlangoni, "Imepanda! Bado! Imepanda tena!" Koili ya mwisho ilipozimwa, kioo kilijaa. Dakika chache baadaye Akinyi akatokea, mzima kuanzia kichwa hadi viatu, mikono juu akiongoza wenzake. Baba yake alivua kofia, akaikumbatia kifuani. Ploti nzima ilikuwa imejazana pale, sufuria zao zikipoa, na mzee mmoja akasogea kwenye benchi akasema, "Fundi, kaa hapa mbele." Nikajibana kando yake, nikijivuna.

Leo kibanda cha Kabiro ni changu. Runinga ni nyembamba, hazina harufu, umeme ukipungua kidogo hazijali, na mara nyingi natoa bodi nzima na kuweka nyingine. Hakuna mteja anayeshangaa kumkuta fundi mwanamke. Vita hivyo mama alinimalizia. Nimetengeneza runinga nyingi kuliko yeye, naye hunikumbusha kwamba zangu ni rahisi. Namkubalia. Sijawahi kuwaambia watu wa vyumba kumi waache chakula kibichi kwa ajili ya mtoto wa jirani, wakaniitikia.