Vifuko Sita vya Senge Rasoa

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimeketi sakafuni katika nyumba ya shangazi yangu huko Kabras, mkasi mkononi, nikiamini kabisa kwamba ninatenda wema. Mtu wa namna hiyo jihadhari naye. Mwizi akija na mkasi utapiga kelele, majirani watakuja. Lakini anayekuja na mkasi na wema, hata chai utamwekea.

Tulia kwanza, maana najua kwa nini unacheka. Umekichungulia kikapu changu ukahesabu kazi ambazo sijazimaliza. Umepata tisa. Ni kumi na moja, mbili nimezikalia. Mzee wangu ana sweta yenye mkono mmoja, na kila baridi ikiingia ananiuliza kama ule mkono wa pili umeshaota. Mimi humjibu kwamba subira huvuta heri. Cheka, ila keti unaposikiliza.

Zile zilikuwa siku za sukari. Kiwanda kilitoa moshi kutwa, matrekta yalipita yakivuta matela ya miwa, na sisi tuliokaa karibu na barabara ya Malava tulikula vumbi tukaliita maendeleo. Watu waling'oa kila kitu wakapanda miwa. Jirani mmoja alipanda mpaka mlangoni. Ukitoka chooni kwake ilibidi upige hodi ili mtu akuonyeshe nyumba iko wapi. Na kila aliyevuna alinunua viti vya sofa. Basi kiti cha sofa bila kitambaa cha kufuma mgongoni, kwa macho ya akina mama wetu, kilikuwa kama mtu aliyekuja kanisani bila shati.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikingoja barua ya kazi. Bado naingoja. Baba alichoka kuniona nikingojea jikoni kwake, akanipeleka kwa dada yake, Senge Rasoa. Kwetu Waluhya, senge ni shangazi, dada ya baba, na akisema jambo limesemwa. Mumewe alikuwa dereva wa trekta la miwa, akionekana Jumapili kama mhubiri mgeni. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Tukabaki wawili, mimi na Senge, na vifuko vyake sita.

Nikuambie habari ya vifuko hivyo, maana mpaka leo nikivikumbuka moyo unachanua.

Senge hakuwa na kazi moja ya kufuma. Alikuwa nazo sita, zote zimeanza, zote hazijaisha. Cha kwanza kilikuwa kifuko cha jikoni, mkebe wa maziwa ya unga kwa kweli, wenye vitambaa vidogo vya kufunikia vikombe. Hivyo alivifuma maharagwe yakichemka. Cha pili kilikuwa cha shambani, chenye miraba ya shuka la kitanda. Mraba mmoja unatosha kungojea trekta lililosema linakuja asubuhi. Cha tatu kilikwenda kwenye mikutano ya akina mama wa kanisa, kazi ya mnyororo mtupu, kwa sababu, alisema, "huko mdomo unafanyanga kazi nyingi, mkono usipewe hesabu." Cha nne kilikuwa cha matangani, uzi mzito usiohitaji macho, ili mtu afume huku analia. Cha tano kilikuwa na kitambaa cha ua la nanasi, kigumu ajabu, cha kufumwa mvua inaponyesha na hakuna anayebisha hodi. Cha sita alikitoa tu alipokuwa anakwenda Khwisero. Hicho sikukielewa, na sikuuliza. Aliyesoma haulizi.

Ungemwona akiingia katika kazi moja na kutoka katika nyingine! Vidole vikichoshwa na nanasi, alikwenda kupumzikia kwenye miraba. Akichoka na miraba, vitambaa vya vikombe vilimpokea kama mjukuu anavyompokea bibi mwenye ndizi. Hakuna siku niliyomwona akifuma amekunja uso. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, shuka la kitanda, kwa sababu mwalimu wetu alitufundisha kumaliza jambo moja kabla ya kushika lingine. Kufikia mstari wa nne nililichukia shuka lile kama deni. Kufikia wa saba tulikuwa hatusalimiani.

Lakini kinywa nilikuwa nacho. Siku moja nikamwambia, "Senge, mshika mawili moja humponyoka. Wewe umeshika sita."

Hakuinua macho. "Mukhana," akasema, ndivyo alivyoniita, msichana, "toka nje uangalie shamba la jirani, halafu uangalie langu. Kisha urudi uniambie nani atakula leo."

Nikatoka. Kwa jirani miwa, miwa, miwa, bado mwaka mzima ivunwe. Kwa Senge miwa pia ilikuwepo, lakini pembeni kulikuwa na mahindi, viazi vitamu, kunde, mrenda, na kuku wakichakura kati yake. Nikarudi nikasema nimeona. Uongo. Nilikuwa nimetazama tu.

Ikafika zamu ya Senge kuwakaribisha akina mama wa kanisa nyumbani kwake. Sofa mpya zilikuwa zimeshaingia, nyekundu, bado zinanuka duka. Migongo uchi! Kisha habari ikatoka Lugari kwamba binti yake amejifungua. Senge akachukua uzi laini wa kumfumia mtoto shali (ndiyo, kazi ya saba) akaenda zake. "Nitarudi Jumamosi," akasema. "Lisha kuku. Na usijisumbue na nyumba."

Mwanangu, mtu akikuambia usijisumbue, jisumbue kuelewa.

Mimi niliona aibu ya sofa uchi imeniangukia. Nikafungua vifuko. Kwa siku nne sikutoka nje ila kulisha kuku. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa ndani tangu kuzaliwa, hiyo haikuwa dhabihu. Miraba nikaiunga ikawa vitambaa vya mgongoni. Mnyororo wa kanisani nikaufanya pindo. Nanasi nilijaribu, likanishinda, nikalirudisha kifukoni kimya kimya. Mwisho nikafikia kifuko cha sita.

Ndani yake kulikuwa na kitambaa cha mviringo, rangi ya maziwa, kipana kuliko sinia. Nikakitandaza, nikatikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Mzunguko mmoja umekaa sawa, unaofuata umelegea. Sawa, umelegea, sawa, umelegea. Na ile iliyolegea, kadiri ulivyokaribia ukingo, ilizidi kulegea. Nikasema, maskini Senge, macho yameanza kufifia. Nikafumua. Nilifumua mizunguko minane ya nje mpaka nilipoona pamenyooka kidogo, nikafuma pindo langu, nikalikaza barabara, nikafunga fundo, nikakata uzi. Kwa ule mkasi. Kisha nikakitandika katikati ya meza, nikarudi nyuma kukitazama. Kingo zilikuwa zimejikunja juu kama jani la mgomba lililokauka. Nikasema kitanyooka tu.

Senge alirudi Jumamosi akakuta sebule imevaa. Akapita akigusa kiti baada ya kiti. "Umefanya kazi," akasema, nami nikavimba. Akafika mezani. Akaweka kidole ukingoni, akakizungusha mzunguko mmoja, akaketi na kanga yake ya safari bado begani.

"Hii nani alikuambia uguse?"

"Nilitaka kuimaliza, Senge."

"Nani alikuambia inamalizwanga?"

Ndipo akaniambia. Yeye na Mama Ayuma wa Khwisero walisoma pamoja wakiwa wasichana, wakajifunza kufuma kwenye benchi moja kwa sindano moja ya kroshia, wakipokezana. Walipoolewa, mmoja kaskazini na mwingine kusini, walianza kitambaa hicho siku ya kuagana. Kila wanapoonana, Senge anafuma mzunguko mmoja, Mama Ayuma mmoja. Hawazidishi. Miaka yao yote ilikuwa mle: mapacha, njaa, misiba, harusi. Na ile mizunguko iliyolegea haikuwa macho ya mtu. Vidole vya Mama Ayuma vilikuwa vimeanza kuvimba na kupinda. Minne ya mwisho aliifuma kwa maumivu, mmoja ukimchukua kutwa nzima.

"Na sasa vidole vimeacha kabisa," Senge akasema. "Ile minne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hawezi kuifuma tena."

Nilitafuta pa kujificha. Sofa zilikuwa nyekundu na mimi pia.

Kesho yake akina mama walikuja, wakaimba, wakala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwetu, wakasifu vitambaa mpaka wakashikwa na kwikwi. "Rasoa, hii mikono ni ya nani?" Senge akasema, "Ni ya mtoto wangu huyu." Kile cha mviringo alikuwa amekikunja akakiweka chumbani. Mwanangu, alinisitiri mbele za watu siku ambayo angeweza kunianika. Sijawahi kuona ukubwa wa mtu unaozidi huo. Wageni walipotoka akaniambia tu, "Jumatatu tunaenda Khwisero. Mimi nitabeba kuku. Wewe utabeba kitambaa, na utasema mwenyewe."

Mama Ayuma tulimkuta uani, miguu juu ya kigoda, mikono mapajani imejikunja kama inayoshika mayai. Nikampa kitambaa. Nikasema yote, nikiwa nimepiga magoti, kwa Kiswahili cha darasani kwa sababu hofu ilikuwa imeninyang'anya lugha ya mama.

Akapapasa ukingo kwa kifundo cha kidole. Akacheka! "Rasoa, huyu mtoto wako anafunganga uzi kama mtu amefunga ng'ombe mkorofi."

"Amesoma," Senge akajibu. "Elimu ndiyo inakazanga hivyo."

Wakacheka wote wawili, na nikadhani nimepona. Kisha Mama Ayuma akakirudisha kitambaa mapajani. Akauliza, "Ni mingapi ilienda?"

"Yako ni minne, mama."

Akaitaja, mmoja mmoja. Wa kwanza aliufuma siku Senge alipokuja kumsaidia kumzika mama mkwe. Wa pili, mvua iliwafungia ndani, wakachoma mahindi mpaka jioni. Wa tatu walikuwa wamekosana kwa neno dogo, wakafuma bila kusemezana, na mzunguko ulipokutana na mwanzo wake ugomvi ukaisha. Wa nne hakueleza. Alimtazama Senge tu, na Senge akatazama kuku.

Akaomba sindano ajaribu. Ikaponyoka. Akajaribu tena, ikaponyoka. Nikalia, mwanangu, na sikuona haya.

"Wacha kelele," akasema. "Fumua hiyo kamba yako ya ng'ombe. Halafu ukae hapa karibu. Rasoa atafuma wake. Wangu utafuma wewe, na mimi nitasema. Usikaze. Fuma kama mtu ambaye vidole vinamuuma."

Nikafumua pindo langu, nikaunga uzi nilioukata. Senge akafuma mzunguko wake. Nikaanza wa pili. Kila nilipokaza, kifundo chake kiligonga mkono wangu, "Pole pole, mimi ni mgonjwa," nacho kicheko kikamtoka puani. Huku akinisimulia mazishi ya mama mkwe, nani alilia kweli na nani alilia akitazama sufuria. Jua lilipoinama nilikuwa nimemaliza mzunguko, umelegea vizuri kabisa. Nikafurahi, nikataka kuendelea na mwingine.

"Mmoja," wakasema kwa pamoja. "Hatuzidishi."

Basi ilinibidi nirudi Khwisero mara tatu zaidi, na safari hizo zilimeza zaidi ya mwaka. Bandu bandu huisha gogo, lakini kwanza humaliza jeuri ya mwenye shoka. Na katikati ya safari moja na nyingine ningefanya nini? Nilianza kifuko cha jikoni. Kisha cha shambani. Shuka langu la chuki nikalipumzisha. Nilipolirudia baada ya miezi, mimi nalo tulikuwa tumesahau tulichokosania, likanyooka mikononi. Hapo ndipo nilipoliona shamba la Senge. Miwa ina msimu wake mrefu, nayo mboga inakulisha leo, na hakuna anayeiambia kunde, "Ngoja miwa iishe ndipo uote."

Safari ya nne nilipomaliza mzunguko wa Mama Ayuma, niliweka sindano chini. Akaisukuma kunirudishia kwa upande wa mkono wake.

"Yangu imerudi yote," akasema. "Sasa fuma wako. Na huo, kaza unavyotaka, tukujue."

Wote wawili wametangulia. Kitambaa ninacho mimi, ndicho kile unachoniona nikikitoa binti ya Mama Ayuma anapokuja kunitembelea. Anafuma mmoja, nafuma mmoja. Uzi bado unaning'inia, na safari hii hakuna mwenye mkasi.

Kwa hiyo, mwanangu, usiogope kuwa na kazi nyingi zinazokufurahisha, mradi kila moja uijue saa yake na mahali pake. Ikikuchosha moja, ipumzishe bila kuitukana, ushike nyingine. Si kila kisichoisha kimeachwa. Na ukikuta kazi ya mwenzako imelegea, uliza kwanza vidole vilikuwaje, kabla hujaifumua kwa wema wako.

Mungu akupe mikono isiyokauka na marafiki wa kukaa nao uani. Akujalie uzi mrefu usio na mafundo, na mtu wa kukusitiri siku utakapokosea, maana utakosea. Sasa nipishe hapo ulipoketi. Nadhani umekalia ya kumi na mbili.