Darasa la Nane la Kwa Munyoki

Mara ya kwanza nilipomwona Mwalimu Nthambi Matheka nilidhani ana mafua. Alinikaribisha kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, nami nikamwambia kwa heshima kwamba ningeweza kurudi wiki iliyofuata, akiwa amepona.

"Nipone nini?" akaniuliza. "Hii ndiyo sauti niliyobaki nayo."

Kisha akawageukia watoto wa darasa la tatu, akatamka neno moja tu kwa sauti hiyo hiyo ya chini, "Andikeni," na vichwa vyote vikainama. Ilikuwa Januari mwaka wa 1998. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikingoja kuajiriwa, na shangazi yangu wa mtaa wa Komarock, Nairobi, alikuwa amechoka kunikuta sebuleni kila atokapo sokoni. Mwalimu Nthambi alinipa darasa la sita na la nane nifundishe Kiswahili. Mshahara, alisema, tungeuzungumza baadaye.

Sauti yake ilimalizwa na chumba. Shule ilianzia ndani ya kanisa la mabati ng'ambo ya Komarock, pale nyumba za mawe zinapoishia na udongo mweusi unapoanza. Kwa miaka mingi madarasa manne yalisomea chini ya paa moja, yametenganishwa na maboksi yaliyokunjuliwa, na mwalimu aliyetaka kusikika alilazimika kuwashinda wenzake watatu kwa kelele. Mvua ikinyesha juu ya mabati, walinyamaza wote wakangoja. Jina rasmi la shule lilikuwa refu na zuri, ila hakuna aliyelitumia. Watu walisema Kwa Munyoki, kwa sababu Munyoki, dereva wa lori, aliahirisha kujenga nyumba za kupangisha akaiacha ploti yake ijengwe madarasa.

Mwalimu Nthambi alizaliwa Mwala, akaja Nairobi kumfuata mumewe, karani wa ghala katika eneo la viwanda. Alianza na watoto wa chekechea juu ya mkeka. Walipokua, mama zao wakamwuliza wawapeleke wapi, maana shule za jiji zilikuwa mbali na watoto wadogo wangelazimika kuvuka barabara kuu. Akafungua darasa la kwanza. Mwaka uliofuata akafungua la pili.

"Sikupanga kuwa na shule," aliniambia siku moja tukisahihisha madaftari. "Watoto ndio walikataa kuacha kukua."

Madawati yalitengenezwa na wachonga vinyago wa kanisani, kwa mbao ambazo hazikufaa kuchongwa twiga. Mengine yana mguu uliopinda kidogo, na mtoto anayekalia dawati kama hilo hujifunza kuandika kwa mshazari. Maboksi yalitoka viwandani, mabegani mwa akina baba. Lakini jambo ambalo wazazi wa Kwa Munyoki walilionea fahari zaidi ni zamu ya taa. Wengi wao waliishi katika vyumba visivyo na umeme. Kwa hiyo wenye umeme, katika mitaa ya Komarock na Umoja, walipokezana kuwapokea watoto wa madarasa ya juu kila jioni. Mwenye zamu alizima televisheni, akaondoa vitambaa vya kochi, akawaachia meza na sakafu mpaka wamalize.

Nilisimamia zamu nyingi nyumbani kwa Mbinya, mama mmoja mwenye duka dogo Umoja. Mume wake alikuwa akisimama mlangoni na viatu mkononi, akiwatazama watoto waliojaa hadi jikoni.

"Hata habari nisione?" alinong'ona.

"Habari gani?" Mbinya akamjibu. "Wewe ni waziri? Keti hapo na wewe ufanye hesabu."

Pamoja na hayo yote, shule ilikuwa na kidonda kimoja. Kila mwaka watoto wakimaliza darasa la saba, wazazi waliwahamisha. Walisema hawawezi kucheza na mtihani wa darasa la nane. Waliwataka watoto waufanyie katika shule kubwa yenye jina. Mwalimu Nthambi alimlea mtoto tangu akiwa kwenye mkeka, kisha akasikia jina lake likitangazwa na shule nyingine. Mwishoni mwa 1997 aliwaita wazazi akawaambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba amechoka kulima shamba ambalo wengine wanavuna. Kama hawatamwachia watoto wao hata mara moja, atarudi kwenye chekechea na kubaki huko. Wesonga, mwenyekiti wao, mpiga pasi katika kiwanda cha mashati, akasimama akasema mwanawe Khaemba hahami. Baada yake wakasimama wengine. Ndivyo nilivyokuta watoto kumi na wanne katika darasa la nane la kwanza la Kwa Munyoki. Shule nzima ilikuwa imepandishwa migongoni mwao.

Mwezi wa Mei kukawa na mkutano wa kupanga marudio. Mwalimu Nthambi alipendekeza likizo yote ya Agosti watoto wa darasa la nane waje kusoma, mchana shuleni na jioni kwenye zamu ya taa. Mikono ikainuliwa yote, na wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa Wesonga.

Wiki ya pili ya Julai, Khaemba alibisha ofisini. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, na nyuma yake walisimama wenzake wawili wa darasa lile lile. Alizungumza kama mtu aliyefundishwa maneno.

"Mwalimu, tumekuja kukualika. Mwezi ujao tunaingia jandoni huko nyumbani Bungoma. Tungefurahi ukija kutusimamia."

Mwalimu Nthambi aliweka kalamu mezani. "Mwezi ujao upi, Khaemba?"

"Agosti, Mwalimu."

Mwalimu Nthambi ni Mkamba. Kwao mambo hayo huwa na taratibu nyingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba Wabukusu huwatahiri wavulana wao kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, na kwamba mwaka huo ulikuwa wa zamu. Wesonga alilijua tangu utotoni. Nilipomuuliza ilikuwaje akainua mkono, alikuna shingo. "Mambo ya shule nilikuwa nayaweka huku," akasema akigusa upande mmoja wa kichwa, "na ya nyumbani huku. Hayajawahi kukutana."

Yalikutana Jumapili, wazazi walipokusanyika baada ya ibada. Waliotakiwa kuondoka walikuwa watatu kati ya kumi na wanne, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiongoza hesabu.

"Baba Khaemba," Mbinya akaanza, "si umpeleke tu kliniki hapa Umoja? Anakatwa asubuhi, jioni yuko kwangu anasoma."

Watu wakacheka. Wesonga hakucheka. "Mama, mwanangu akikatwa na daktari huku amelazwa kama mgonjwa, kwetu nitaingia na uso gani? Wenzake watamwimba mpaka azeeke."

"Basi angoje."

"Angoje mpaka elfu mbili? Awe kidato cha pili bado ni mtoto, wadogo zake wakimpita?"

"Kwani shule itangoja mpaka elfu mbili?" mzazi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Nyinyi ndio mlisema watoto hawahami! Mimi wangu ningekuwa nimeshampeleka ile shule ya mtaa wa Tena."

Kelele zikapanda. Niligeuka kumtazama Mwalimu Nthambi nikitumaini atasema neno. Alikuwa ameketi juu ya dawati, mikono mapajani, kama mtu aliyeshuka kwenye basi la safari ndefu akakuta hakuna wa kumpokea. Aliponyanyuka, watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Waende," akasema. "Siwezi kumnyang'anya mtoto siku yake halafu nimwambie anipendee hesabu. Lakini, Wesonga, huko anakaa na nani wakati wa kupona?"

"Na binamu yake mkubwa. Ndiye mlezi wao wote watatu."

"Huyo binamu anajua kusoma?"

"Alifika kidato cha pili."

"Basi nitamwandikia kazi."

Agosti yote Mwalimu Nthambi alifundisha watoto kumi na mmoja mchana, na jioni aliandaa maswali ya wale watatu. Kila Ijumaa Wesonga, akitoka kiwandani, alipitia kituo cha mabasi ya magharibi, akamkabidhi utingo bahasha. Juma lililofuata majibu yalirudi yakinuka moshi, na karatasi moja ikiwa na alama ya mafuta ya kuku yenye umbo la kidole gumba. Binamu alikuwa ameweka sheria yake: nyama haigawiwi kabla ya maswali kumalizika. Pembeni mwa karatasi aliandika, "Namba saba imetushinda sote, pamoja na mimi." Mwalimu Nthambi aliisoma mara mbili, akacheka, kisha akaegemeza kichwa ukutani akalala hapo hapo, kalamu nyekundu ikichafua mkono wake. Sikumwamsha.

Wawili walirudi shule ilipofunguliwa. Khaemba alichelewa kupona, akarudi mwezi wa tisa ukikaribia kwisha, na alirudi na mambo. Hakutaka tena kukaa sakafuni kwa Mbinya pamoja na wale aliowaita watoto.

"Mimi sasa ni mtu mzima, Mwalimu."

"Vizuri," Mwalimu Nthambi akamwambia. "Watu wazima hufika shuleni kabla ya mwalimu. Kesho nikukute hapa."

Alimkuta. Kuanzia siku hiyo wakawa wawili asubuhi kila siku, wakifukuzana na yale ambayo bahasha hazikuweza kubeba. Alama zake za majaribio zilikuwa zimeshuka sana. Zilipanda, zikasita, zikapanda tena kidogo.

Novemba walifanyia mtihani katika shule ya jirani, kwa kuwa yetu haijawa kituo. Wazazi waliwasindikiza wakiimba nyimbo za kanisani, kisha wakaenda kazini wamechelewa. Mwalimu Nthambi alibaki nje ya lango siku zote za mtihani, ingawa hakuruhusiwa kuingia na hakukuwa na la kufanya.

Tangu hapo ofisi yake imekuwa na wageni. Wazazi wa darasa la saba wamekuja mmoja mmoja, wakisalimia kwa adabu, wakiulizia barua za uhamisho. Hamkatalii mtu. Anawaomba jambo moja tu, wangoje matokeo ya Khaemba na wenzake. Watoto hao wakifaulu, darasa la nane la pili lipo. Wakianguka, ataziandika barua zote kwa mkono wake mwenyewe.

Jana waziri alitangaza matokeo ya nchi nzima kwenye redio. Ya shule moja moja yanachukuliwa leo. Mwalimu Nthambi ametoka tangu asubuhi na Wesonga, ambaye amemdanganya msimamizi wake kwamba anaumwa jino. Sisi tumekaa uwanjani kwenye madawati tuliyoyatoa nje. Mbinya amefunga duka. Wazazi wa darasa la saba wamesimama upande wao, karibu na uzio, hawaketi wala hawaondoki.

"Huyo ni nani?" Mbinya ameuliza sasa hivi, akijikinga jua kwa kiganja. "Hao si wawili, wanaokuja?"

Khaemba amepanda juu ya dawati. Anasema ni wawili, na mmoja anatembea upesi, lakini nyuso zao bado haoni.