Kuponi ya ishirini ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo cha mwinjilisti

Wakuu, Bwana asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma.

Nimesoma uzi wa kijana anayefundisha namna ya kuwinda kuponi za supamaketi kwenye simu. Nimecheka peke yangu sebuleni.

Mwanangu, sisi tuliziwinda enzi za Mwingereza, na moja niliiiba watu wakiwa wamefumba macho kusali. Nawaeleza kama ilivyokuwa. Umri huu si wa kudanganya tena.

Niliolewa Buhembe, kutoka hapo hadi Bukoba mjini ni mwendo wa miguu. Mama mkwe wangu, Ma Paulina, alikuwa na birika la bluu la enameli. Wageni walilisifu kabla hawajamsalimia mwenyewe.

Akaenda Muleba kumtunza binti yake aliyejifungua. Akaniachia nyumba na agizo moja: "Birika langu."

Wiki ya pili nikalisahau motoni. Maji yakakauka, kitako kikatoboka.

Kununua jingine hatukuweza, kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Nilipomwambia mume wangu akasema, "Hapo mimi simo," akaenda shambani.

Nikaenda mjini dukani kwa Bwana Salimu, labda nipate la bei ya chini. Akanionyesha pakiti za majani ya chai. Ndani ya kila moja kulikuwa na kikaratasi chekundu, yaani kuponi.

"Lete ishirini, bibi harusi, uchukue birika bure. Usije na kumi na tisa ukanililia hapa, mimi nina moyo mwepesi."

Ishirini! Nyumbani kwetu pakiti moja ilikwenda mwezi mzima.

Nikajiuliza, nani anakunywa chai kuliko watu wote? Jibu likaja lenyewe: Walutheri.

Pombe ya ndizi tulikatazwa, basi kila sala ya nyumbani iliishia kwenye chai. Nikaanza kuhudhuria sala zote, hata za mitaa isiyo yangu, nikijitolea kuosha vikombe. Anayeosha vikombe ndiye anayetupa pakiti tupu. Mnanielewa.

Akina mama wakanisifu. "Waitu, huyu mke ana moyo wa utumishi!" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, kuponi zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga.

Tena nilichochea. "Mwinjilisti amehubiri sana leo, koo limekauka. Tumwongezee."

Zikafika kumi na tisa. Hapo hapo habari zikaja kwamba Ma Paulina anarudi Jumamosi, siku ya harusi ya jirani yetu.

Alhamisi ilikuwa sala ya mwisho kabla hajarudi. Pakiti mpya ikafunguliwa. Kabla sijanyoosha mkono, Mwinjilisti Zakaria akaichukua ile kuponi, akaigeuzageuza, akaichomeka kwenye kitabu chake cha nyimbo.

"Itanishikia wimbo wa harusi," akasema.

Nusura nilie.

Tukafumba macho. Akaombea wagonjwa, akamwombea Malkia, akaombea mvua. Alipofika kwenye migomba nikajua muda ninao. Nikafumbua jicho moja, nikaichomoa.

Nisimwache bila alama, nikachomeka kipande cha jani kavu la mgomba. Ukurasa niliubahatisha.

Ijumaa nikalichukua birika. La bluu vilevile!

Jumamosi kanisani, mwinjilisti akafungua penye jani. Macho yake yalikuwa hafifu na miwani aliionea haya. Akataja namba. Alikuwa mkali yule mzee. Akitaja namba, unaimba. Tukasimama, tukaimba.

Ulikuwa wimbo wa mazishi.

Bibi harusi akaanza kulia. Bwana harusi akaangalia mlango.

Mara kilio kikubwa zaidi kikatoka nje. Ma Paulina ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi la Muleba, akausikia wimbo ule, akatupa mzigo wake barabarani na kuingia kanisani mikono kichwani.

"Nani ametutoka? Semeni, ni nani?"

Aliponiona nimesimama akanikumbatia. "Mwanangu, kumbe si wewe!"

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nikashindwa kuvumilia, nikaungama palepale kwamba birika lake nimeliunguza.

Akanisukuma kidogo, akanitazama. "Mimi nalilia mtu, wewe unanieleza birika?"

Kanisa zima likacheka, hata bibi harusi.

Bado nilikuwa na deni kwa mwinjilisti. Jumatatu nikaenda kwake, nikapiga magoti, nikasema yote. Nikangoja nitengwe na kanisa.

Kisha akamwita mkewe. "Lete ile bahasha."

Ndani mlikuwa na vikaratasi vyekundu. Nikavihesabu kwa macho.

Kumi na tisa.

"Alama ya wimbo," akasema polepole, "hata mimi ningeweza kuweka jani la mgomba. Piga magoti vizuri, binti. Tutubu wote wawili."

Pakiti yetu iliyofuata, kuponi yake nilimpelekea kabla sijaonja chai.

Nilichojifunza, wakuu: ubanaji wa matumizi ni mzuri, lakini angalia unambana nani. Na jambo la kuungama liungame mapema, huenda unayemwogopa anakupenda kuliko vyombo vyake.

Namshukuru Mungu, amenivumilia hadi leo.

Nawe uliyewahi kufanya visa kwa ajili ya ofa, njoo uungame hapa chini. Tutakuombea, ila mimi jicho moja nitaliacha wazi.