Kijimota Kinachovuta Kushoto

Mimi shule niliiachia darasa la nne, na sioni haya kulisema hilo, kwa sababu hao walioimaliza ndio waliokuwa wakinitafuta maji yakikatika. Pampu ikigoma hotelini Shelly Beach, mwenye vyeti alifungua kitabu, mimi nilitega sikio. Nikishaisikia, nimeshaijua. Kwa sikio hilo nimekula, nimevaa, nimejenga nyumba ya mawe Mjambere, vyumba vitano, na mbele nikaweka baraza mbili za saruji zinazotazamana. Moja naikalia mimi.

Na kabla watu wengi wa Kisauni hawajajua intaneti ni mdudu gani, mimi nilikuwa na ukurasa wangu huko. Siku hizi wanaita tovuti. Wakati ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, sisi tuliita ukurasa tu. Ulikuwa ukurasa wa vijimota vya mashua za kuchezea, vile vya zamani vya Kizungu: vingine vya kutia ufunguo kama saa, vingine vya betri, na kimoja cha kunywa mafuta kwa matone. Watu wakiniuliza ni wa nani, nilijibu kwamba ni wa dunia nzima. Haukuwa wa dunia nzima. Niliufungua kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo tulifanya kazi pamoja hotelini miaka ya themanini, yeye akichomelea vyuma, mimi kwenye pampu. Mwenyeji wa Likoni, baba yake alisomesha Kurani pale mtaani. Siku moja meneja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alituagiza tukatupe sanduku lililokuwa limekaa stoo miaka mingi. Tukalifungua kwanza. Ndimo vijimota vilimokuwa, vimelala kwenye magazeti kama mayai. Hatukuvitupa. Mimi nikavifufua kimoja kimoja, na hapa sijisifu bure, maana vingine vilikuwa vimeshikana kwa kutu hata huwezi kujua wapi ni mwanzo na wapi ni mwisho. Yeye akalehemu mashua kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Maji ya bahari yakitoka, pale mwambani hubaki vidimbwi, na sisi, watu wazima wenye ndevu, tukachutama kandoni tukishindanisha mashua.

Kijimota changu kilikuwa cha shaba. Kizuri kuliko vyote, ila kiliwahi kuanguka kwenye jiwe, na kile chuma chembamba kinachozungusha rafadha, lile panga la kusukuma maji, kikapinda kidogo. Ukikiachia, mashua huanza sawasawa, halafu inakunja kushoto.

“Yakhe, hiyo yako ina bibi mdogo huko kushoto,” alikuwa akinicheka. “Unaituma kibla, yenyewe inakwenda kulala kwa mke wa pili.”

“Kesho nainyoosha. Nyundo moja tu.”

“Usiinyooshe, wallahi! Ukiinyoosha mimi nitamcheka nani?”

Sikuinyoosha.

Tena alikuwa na tabia moja. Akija kwangu, hata mlango uwe wazi, hata anione nimekaa naye anionyeshe meno, hasogezi mguu mpaka abishe hodi na mimi niseme karibu.

“Ingia bwana, mlango si u wazi?”

“Mlango u wazi. Ulimi wako je?”

Siku moja nilikuwa naoga, maji yananimwagikia masikioni, nikatoka nikaona nyayo zake tu kwenye mchanga, zimekuja na zimerudi. Kesho yake kazini nikamlaumu. Akaniambia, “Nilibisha tatu, sikuitikiwa. Hodi ya nne ni ya mwizi.” Hivyo ndivyo alivyolelewa. Kwake hilo halikuwa jambo la mzaha.

Kisha akapata kazi Arabuni, akaenda. Aliniletea kaseti moja kwa mkono wa mtu. Nyuma ya sauti yake zilisikika nyundo za karakana, naye anasema kwa kelele, kama aliyeko ng’ambo ya barabara, nimtunzie yule mwenye bibi mdogo. Nikaisikiliza mpaka utepe ukaanza kutafunwa na mashine. Baada ya hapo kimya. Mimi nikahamia Mjambere, nyumba ya Likoni ikavunjwa, na jirani zetu wa zamani wakatawanyika. Kama alituma kaseti nyingine, ilifika mahali ambapo hapana mlango.

Basi niliposikia kwamba kuna kitu cha kuandika hapa kikasomwa hata Arabuni, nilikwenda Frere Town kwa mama mmoja Mrabai aliyekuwa na ofisi ya kupiga taipu na fotokopi, naye alikuwa ameingiza kompyuta yenye intaneti. Nikampa picha za vijimota, akazitia kwenye mashine.

“Baba,” akaniambia, “wenye kupenda vitu hivi ni Wazungu. Tuandike Kizungu.”

“Andika Kiswahili.”

“Na nani atakisoma?”

“Atakayekisoma.”

Akafyonza, akaandika. Tulipofika kwenye kuonyesha picha nikamzuia. Nikamwambia mimi si mtu wa kuingiliwa ndani hivi hivi. Tuweke mlango. Atakayekuja akute maneno machache tu, aandike hodi, mimi nimwitikie, ndipo tumpe njia ya kufikia picha.

“Baba wee, huku watu hawabishi hodi. Wanaingia kama paka.”

“Kwangu watabisha.”

Na sababu ninayo, ingawa mama yule sikumwambia. Nilitaka, siku yule mtu atakapofika, ajue hata kabla ya kuona kitu kwamba amefika kwangu. Ukurasa wa mbele ukasema hivi: “Vijimota vya mashua. Mwenyewe ni fundi wa pampu, zamani Likoni, sasa Mjambere. Bisha hodi, utaitikiwa.” Chini yake pakawa na mahali pa kuandika.

Nafasi ile ilikuwa ya bure, wenyewe wako ng’ambo, na sharti lao ni kwamba ukurasa usipoguswa kwa muda wanaufuta. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya Alasiri nilikwenda Frere Town kuugusa. Wiki hii naondoa nukta, wiki ijayo nairudisha. Kulikuwa na namba ndogo chini inayohesabu wanaopita, na ilikuwa ikisogea, lakini pale pa kuandika hapakuwa na hodi. Mmoja aliuliza kwa Kizungu kama tunauza injini za trekta. Mwingine aliandika herufi zisizosomeka.

“Leo wamepita watu, baba,” mama yule alikuwa akinitania, “lakini hawana adabu.”

Jioni nikirudi, nilipitia kwa muuza kahawa, nikatanua kifua. “Leo nilikuwa nazungumza na dunia.”

“Enhe! Na dunia imesemaje?” akauliza, na watu wanasikiliza.

“Imesema kahawa yako baridi.”

Wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyumbani kukaa kwenye baraza yangu.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha isivyo kawaida. Maji yakaingia kwenye waya za simu na Frere Town nzima ikawa bubu. Mama akafunika kompyuta yake kwa kitambaa, akaniambia nisisumbuke kwenda mpaka simu zitakapofufuka. Nami nikapata kazi Kilifi, pampu ya kisima iliyokuwa imewashinda mafundi wengine wote. Nikaenda nikaitengeneza, na mpaka leo inavuta maji. Nilikaa huko wiki kadhaa.

Niliporudi nikampitia mama na mkoba wangu begani, hata nyumbani sijafika. Aliponiona tu akainuka kitini.

“Baba, una mgeni.”

Nikavuta kiti. Mimi husoma polepole, nikifuata kwa kidole, na pale sikuona haya kufuata kwa kidole kwenye kioo cha mashine ya watu. Yalikuwa maneno ya siku tatu mbalimbali.

Siku ya kwanza: “Hodi.”

Siku ya pili: “Hodi, wenyewe.”

Siku ya tatu: “Hodi yakhe. Kile cha shaba bado kinavuta kushoto?”

Basi, hakuna zaidi. Nikasoma tena kutoka juu. Nikamwuliza mama anwani ya mgeni iko wapi, maana kulikuwa na kisanduku cha kuandika anwani.

“Kakiacha kitupu. Huenda hana. Wengi huko wanatumia mashine za watu, kama wewe hapa.”

“Hakuna njia ya kujua katoka wapi?”

“Mimi siijui.” Akanitazama. “Lakini subiri, baba. Atarudi tu.”

“Harudi.”

“Wajuaje?”

“Kabisha tatu.”

Hapo mama akanielewa. Nadhani hata kwao Rabai hodi zina kipimo chake. Alivuta kitambaa cha kompyuta akakikunja vizuri, akakikunjua, akakikunja tena.

Yule mtu alikuwa amesimama mlangoni kwangu na hakukiona kijimota. Picha yake ilikuwa ndani, na mlango niliutengeneza mwenyewe.

“Ondoa mlango,” nikamwambia mama.

“Wote?”

“Wote. Mtu akifika avione papo hapo. Cha shaba kiwe cha kwanza.”

Akafanya hivyo mimi nikiwa nimekaa pale pale na mkoba mapajani. Kisha nikamwambia asogee, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kidole kimoja, chini ya ile hodi ya tatu: “Karibu. Karibu sana. Simu zilikufa, na mimi nilikuwa Kilifi. Bado kinavuta kushoto.”

Tangu hapo ukurasa ule umepata wageni, tena wa kutajika. Mzee mmoja wa nchi ya baridi aliandika kwamba vijimota kama vyangu hajaviona tangu utotoni, na kwamba aliyevifufua ni fundi hasa. Mama alinitafsiria maneno hayo mara mbili kwa sababu nilimwomba ayarudie. Kwa muuza kahawa nilikuwa na la kusema kwa muda mrefu.

Lakini Ijumaa bado nakwenda Frere Town kuugusa. Siku hizi sichezi na nukta. Naifuta ile karibu yangu, halafu naiandika upya, herufi kwa herufi, ili tarehe yake iwe ya leo. Mama hunipisha kiti bila kuniuliza.

Kijimota chenyewe kiko rafuni, pale ninapokiona nikiwa barazani. Nyundo ipo, na mkono wa kukinyoosha ninao, kupita mkono wowote bara hili mpaka kisiwani. Ni pigo moja tu. Ila mtu ameuliza kama bado kinavuta kushoto, nami nimeshamjibu.