Kofi kwa Sababu ya Nyoko

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi kwenye mafunzo ya vitendo, niliuliza swali la heshima kabisa nikajibiwa kwa kofi.

Ilikuwa wodi ya wanaume, katika hospitali moja huku kwetu Karagwe. Nilitoka Nyakakika, na nyumbani tulizungumza Kinyambo tangu alfajiri hadi kulala. Kiswahili changu kilikuwa cha shule na cha kanisani. Kitandani alilala dereva wa lori, mtu wa Tanga, amevunjika mguu. Uji wake ulikuwa umepoa bila kuguswa. Nikataka kujua kama ana ndugu wa kumletea chakula, nikamwinamia, nikauliza kwa upole, "Kaka, nyoko yuko wapi?"

Kwa Kinyambo, nyoko ni mama yako, basi. Mtoto akipotea sokoni huulizwa hivyo hivyo. Huko alikotoka yeye ni tusi ambalo watu huchaniana mashati kwa ajili yake. Kofi lilinipata shavuni, kofia yangu ikaruka hadi chini ya kitanda cha jirani.

Sista msimamizi wa wodi alikuja mbio. "Umemtukana mgonjwa, ulitegemea akupe soda? Kaoshe uso, urudi kazini. Sote tulipigwa tukiwa wanafunzi."

Nikaosha uso. Kijijini kwetu hakuna binti aliyewahi kuvaa sare ile, na mimi nilikuwa nimeshaamua: kesho naivua, narudi kwa baba kupalilia kahawa.

Kumbe mgonjwa wa kitanda cha jirani, mzee mkulima wa Nyakasimbi, alikuwa ametuma mtu amwite matroni, mkuu wa wauguzi wote. Niliporudi wodini nilimkuta matroni amesimama katikati, Sista akimweleza habari za tusi. Matroni alimsikiliza hadi mwisho.

"Hilo nimelisikia. Sasa nauliza nani amepigwa."

"Ni mimi, shikamoo, matroni," nikasema. Kwa woga, salamu ilitoka ikiwa imechelewa. Wodi ikacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi hayajakauka.

Ndipo yule mzee akajiinua kwenye mto. "Bwana dereva, huku nyoko ndiye aliyekubeba mgongoni. Mkwe wangu akiniuliza habari za nyoko, namkaribisha kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima."

Dereva alijifunika shuka usoni. Tulidhani analia, kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko. Matroni naye alicheka, tena sana, kisha akamgeukia dereva.

"Neno limeeleweka. Kofi bado. Hata kama angekutukana kweli, ungeniita mimi. Binti huyu amekuja kujifunza kuuguza, hakuja kujifunza kupigwa."

Dereva akashusha shuka. "Dada, nisamehe. Mkono wangu umekosa."

Sista ndiye aliyeiokota kofia yangu. Aliipangusa polepole, akanikabidhi. "Mimi hakuna aliyenisemea," aliniambia kwa sauti ndogo. Tangu siku ile, mtu akimpandishia mwanafunzi sauti, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika.

Mama wa dereva alipowasili kutoka pwani na kapu lake, kijana alitangaza kwa fahari, "Huyu ndiye nyoko wangu!" Wodi nzima ikamsahihisha, kwamba wako ni mama, nyoko ni wa mwenzako. Mama wa watu akabaki mdomo wazi mlangoni hadi mzee wa Nyakasimbi alipomaliza kumweleza, na baada ya hapo hatukujua nani alicheka zaidi.

Sare sikuivua, mwanangu. Niliivaa hadi kustaafu.

Sasa wewe unaanza mafunzo, labda hapa Karagwe, labda kule Kyerwa. Utakosea neno, utakosea kipimo cha maji, utaomba radhi na utajifunza. Lakini kosa lako halimpi mtu ruhusa ya kukupiga, wala kukutukana, awe mgonjwa, ndugu wa mgonjwa au mkubwa wako wa kazi. Kofi au tusi likikupata, lisemwe siku hiyo hiyo kwa mtu mwenye mamlaka. Akikwambia kaoshe uso, osha, kisha nenda kwa mwingine. Ukiona mwenzako amepigwa, usijifanye unatandika shuka. Na utakapokuwa msimamizi, uliyotendewa vibaya yaishie kwako.

Mungu akulinde unapoingia zamu na unapotoka. Mikono yako iponye wengi, na popote utakapofanya kazi usikose watu wa kukusemea.