Firigisi za Ofa

Mnicheke tu, nimezoea. Hata mama yangu mzazi alicheka mpaka akaomba maji, na huyo ndiye niliyetegemea anionee huruma. Lakini kwanza mjue kwamba mimi nauza agrovet hapa Kitale. Chakula cha kuku ni mimi, dawa ya kuku ni mimi, mtu akiniletea kifaranga anayekohoa namwambia shida ni nini kabla hajafika kaunta. Kwa hivyo mtu mmoja Trans-Nzoia nzima ambaye hakuwa na ruhusa ya kuaibika kwa sababu ya kuku alikuwa ni mimi.

Ilianza na simu ya mama mkwe, Kukhu kama watoto wanavyomwita, kutoka Kabuchai. Mjue pia kwamba mimi ni Wanjiru, babu yangu alikuja huku Kitale na jembe na mbegu za viazi, na nikaolewa na Wafula, mtoto wa Bungoma. Miaka yote ya ndoa yetu, tukienda kwao Krismasi, mimi ni mgeni. Nitapewa kitunguu nikate, nitapewa kiti, nitaambiwa, "Pumzika mama, umechoka na safari." Wanakuambia upumzike kwa upole kabisa, na unajua kabisa jiko si lako. Sasa mwaka huo Kukhu alikuwa amevunjika mguu, akafanyiwa operesheni, na kwa sababu kliniki yake ilikuwa Kitale akakaa kwangu muda mrefu. Nilimwogesha, nikamfundisha kutembea na mkongojo kwenye korido, tukagombana kidogo kuhusu chumvi, tukapatana. Aliporudi kwao akasubiri Desemba ifike ndiyo akanipigia.

"Mama Nekesa, mwaka huu jiko ni yako. Na Mzee amesema ulete jogoo wewe mwenyewe. Ya kienyeji."

Niliketi kwenye gunia la pumba nikalia kidogo. Mwenye duka jirani alidhani nimefiwa.

Sasa jogoo wa kienyeji wiki ya Krismasi pale Kitale sokoni, nyinyi mnajua. Mwenye jogoo anakuangalia kama aliye na hati ya shamba. Nilisema nitaenda kesho, kesho nikawa na wateja, keshokutwa Nekesa akataka viatu (mguu wa huyo mtoto unakua ukiuangalia), nikaingia mitumba kutafuta viatu nikatoka na viatu, mapazia, na koti la Wafula ambalo halifungi. Ofa mimi hunishika hapa kifuani kabisa. Na nikiwa njiani kurudi dukani nikapitia supamaketi kununua sukari tu, nawaapia ilikuwa sukari tu, nikaona friza imeandikwa kwa herufi nyekundu: kuku wawili kwa bei ya mmoja.

Broila. Weupe, wanene, wamelala kwa barafu.

Nikajiambia, Wanjiru, kuku ni kuku. Nikachukua wanne. Nilikuwa nimefika kwa keshia ndiyo nikakumbuka firigisi. Kwa wasiojua: kwa watu wa Wafula unaweza kusahau ugali, unaweza kusahau maombi, lakini kuku akifika mezani bila firigisi umemtukana mwenye boma, maana hiyo ni ya mzee na haijadiliwi. Na hawa broila wa friza wameshatolewa kila kitu. Nikarudi mbio, na Mungu si Athumani, pale chini ya friza kulikuwa na pakiti za firigisi tupu, nazo pia ziko kwa ofa. Nilihitaji nne. Nikachukua pakiti mbili zilizojaa, kwa sababu nani amewahi kulalamika kwamba firigisi zimezidi?

Wafula aliona ile mizigo, akasema, "Mama Nekesa, Mzee atajua."

"Atajulia wapi? Kuku akishapikwa ana kitambulisho?"

Usiku huo nikawakata vipande, nikawapaka manjano ili wafanane na mafuta ya kienyeji (nilipaka kama ninayepaka ukuta), nikawapitisha juu ya makaa washike moshi. Walinukia vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Tulipofika Kabuchai mkesha wa Krismasi nikamwambia Kukhu kwamba jogoo nimewachinjia Kitale ili wasisumbue kwa gari. Akafunua ndoo, akanusa, akabonyeza paja kwa kidole.

"Hii jogoo imezeeka?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, "Sana, Mama. Wamezeeka kabisa."

"Basi itataka moto ya nguvu," akasema.

Asubuhi ya Krismasi nikabandika sufuria kubwa mapema, nikiwa na mpango wangu: ikichemka kidogo naitoa, nasema jogoo wa Kitale huiva haraka kwa sababu ya baridi. Lakini Kukhu, kwa sababu ya mguu, hangeenda kanisani. Akavuta kigoda chake mpaka karibu na mafiga akasema, "Enda kanisa na watoto. Mimi nitakuangalilia hii kuku, pore pore mpaka ilainike."

Jamani, broila huiva kabla hujamaliza kumenya viazi. Mimi ndiye huwaambia wateja hivyo. Nikasema acha nibaki, akakataa. Nikasema kichwa kinaniuma, akasema kanisani kuna maombi ya kichwa. Wifi yangu Naliaka, dada mdogo wa Wafula, akanishika mkono tukaenda, na huko kwa sababu ya habari ya mguu wa Kukhu wakaniketisha mbele kabisa, mahali ambapo ukiinuka kanisa zima linageuka. Pasta alianza na Adamu. Mimi nilikuwa nawaza paja. Alipofika kwa Ibrahimu nikawaza mabawa. Watu wakiimba mimi nilikuwa nahesabu kuni kichwani, na mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega akasema, "Lia tu, mama, Bwana anaona." Nikalia kweli.

Tuliporudi, Kukhu alikuwa amejaa furaha. "Nimeongeza gogo ya mti ya bluu-gamu," akasema. "Sasa hiyo hata mzee bila meno atakula."

Nikafunua sufuria. Hakukuwa na kuku. Kulikuwa na kitu cha manjano, kizito, kinapumua, na mifupa imejitenga kando kama watu waliokosana. Nikachovya mwiko nikatoa mfupa msafi kabisa. Nikachovya tena nikatoa firigisi, nzima, ngumu, inang'aa. Nikachovya tena, firigisi. (Nilikuwa nimezimwaga zote, ndiyo, nilisema zimeshalipiwa zitabaki kufanya nini.) Naliaka akachungulia, akafunika mdomo kwa leso.

"Mama Nekesa, hii ni mchuzi ama ni uji?"

"Naliaka, nisaidie nife."

"Usikufe, kuna wageni."

Na wageni walikuwapo bana. Sebuleni aliketi Mzee, baba mkwe, na kaka yake mkubwa ambaye watoto wanamwita Kuka Malakisi, yaani Babu wa Malakisi, kwa sababu huko ndiko anakolima tumbaku, na pasta mwenyewe, na wazee wawili wa kanisa. Wanasubiri kuku. Maji ya kunawa yamepita, maombi yamepita. Ningefanya nini? Kitu pekee kwenye sufuria ambacho mtu angeweza kukiita nyama kilikuwa firigisi. Kwa hivyo nikaweka mchuzi kwa kila sahani, mfupa mmoja wa heshima, na firigisi. Kila sahani. Za wanawake jikoni, firigisi. Za watoto nje, firigisi.

Mimi mkaza mwana siketi na baba mkwe, hiyo ni heshima ya kwao, kwa hivyo nilibaki nyuma ya pazia la mlango, nasikia tu. Kuka Malakisi ndiye aliona yake kwanza.

"Eh! Ndugu yangu," akasema, na sauti yake imelainika, "leo umenipatia firigisi? Kwa boma yako? Kweli umekumbuka mimi ndiye mkubwa."

Halafu sauti ya pasta, taratibu: "Hata mimi nimepatiwa."

Vijiko vinapekua mchuzi. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa akasema hata yeye. Na kabla sijajua nitakimbilia mlango gani, Nekesa wangu akaingia mbio kutoka nje na sahani yake, vidole vimekuwa njano mpaka kwenye kiwiko, akasema kwa sauti ya kutangaza harusi:

"Kuka, mimi nimepata mbili! Na paka pia amepata!"

Mzee hakupandisha sauti. Sijawahi kumsikia akipandisha. "Mwambie mama yako aje."

Nikatoka nyuma ya pazia, macho chini, aproni ya manjano. Mzee huwa haongei nami moja kwa moja, hupitisha maneno kwa Wafula au kwa watoto, lakini siku hiyo aliongea nami mwenyewe.

"Mama Nekesa. Hii jogoo ulitoa wapi?"

Nilitaka kusema Kiminini kwa shangazi. Nilikuwa nimeshaitayarisha hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka na ule uongo, na kila nikiuongezea neno unaongezewa gogo.

"Supamaketi, Mzee. Ni broila. Ilikuwa ofa."

Mtu alicheka, nadhani Kuka Malakisi, akajizuia. Wafula alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee akachukua firigisi yake kwa vidole viwili, akaigeuza, akairudisha kwa sahani.

"Mimi sikukuambia ulete nyama," akasema. "Nyama iko. Sikia hizo jogoo zinaimba huko nje. Mimi nilitaka jogoo moja itoke kwa mkono yako, ichinjwe hapa, na firigisi yake nikupatie wewe. Wewe mwanamke. Ndugu yangu akiona, pasta akiona. Niseme, huyu ndiye aliosha bibi yangu miguu wakati mimi sikuwa na nguvu ya kumwinua." Akaangalia sahani ya Nekesa. "Sasa nikupatie gani? Na paka amekula yake?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Pasta alicheka mpaka akavua miwani. Nekesa alicheka bila kujua anacheka nini. Hata Mzee mwenyewe mabega yalikuwa yanatikisika. Nami nilicheka pia, kwa sababu ningefanya nini, halafu nikafika jikoni nikakaa chini kwenye majivu nikalia kwa uchungu ambao sijawahi kuusikia. Kuaibika si kitu, aibu nimeizoea. Kilichoniuma ni kwamba heshima niliyoitafuta miaka yote ilikuwa imetengwa, imewekwa, ina jina langu, na mimi nilikuwa nimeigawa kwa pakiti mpaka haina maana tena.

Kukhu alikuja na mkongojo wake. Nilidhani atachukua mwiko. Akajishusha polepole kwenye kigoda, akanyoosha ule mguu tuliofundisha kutembea mimi na yeye, akaanza kuninawisha vidole kwa maji ya uvuguvugu.

"Kwani hukuona ni laini wakati ulibonyeza?" nikamuuliza.

"Niliona," akasema. "Mimi nimepika kuku tangu mama yako hajazaliwa. Nilisema acha niongeze gogo, labda huyu mtoto atasema ukweli kabla iishe."

Nikamwangalia. Alikuwa anacheka kimyakimya, machozi yanamtoka. Nikamwambia yeye ni mtu mbaya sana. Akasema ndiyo, na mwaka ujao jiko bado ni langu, lakini nisilete ndoo.

Tulipokuwa tunaondoka akanipakia kifaranga kwenye katoni, kijogoo kidogo chenye shingo tupu, kibaya sura. Sasa ni jogoo. Anaishi nyuma ya agrovet, anakula kuliko sisi, na wateja wamejaribu kumnunua mpaka wamechoka. Juzi Wafula alinionyesha kwenye simu kwamba ile friza imeandikwa tena kwa herufi nyekundu. Mimi siku hizi nikifika kwa ile supamaketi navuka barabara. Sukari nanunua kwa kiosk, bei ya juu, nalipa nikinyamaza.

Na kila Jumapili jioni simu ya Wafula hulia. Mzee huniita mimi.

"Jogoo ako?"

"Ako, Mzee."

"Moja?"

"Mmoja tu, Mzee. Na firigisi yake moja."