Gari la Mwani, Futi kwa Inchi

Jumatatu, mwezi tisa Mfungo Sita, saa nne za asubuhi, nilifiwa na mume wangu. Alishuka kwenda kuwasha gari, akarudi juu kuchukua simu aliyoisahau, akasema kifua kinambana. Alikaa kwenye kiti cha cherehani yangu na hakuinuka tena. Gari liliendelea kunguruma chini ya dirisha. Hakuna aliyekumbuka kulizima. Majirani wa mwanzo waliokuja kunipa pole ilibidi waseme kwa sauti kubwa, kwa sababu ya injini. Lilizimika lenyewe baada ya adhuhuri, mafuta yalipokwisha.

Nyumba yetu iko Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na dirisha linaangalia barabara. Gari lilikuwa likilala hapo chini. Lilikuwa lori la bodi la mbao, kichwa cha kijani, la kuchukulia mwani kutoka mashamba ya pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kuleta maghala ya mjini. Mwani mkavu ni mwepesi lakini una ujazo, kwa hivyo mume wangu aliliongezea bodi lile mbao tatu kila ubavu, likawa refu kwenda juu kama kitanda cha besera, chenye nguzo za chandarua. Harufu yake ilipanda mpaka jikoni kwangu.

Sikulipenda. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia nililolifanya baadaye hudhani nililipenda. Kwa miaka kumi na moja nilimwambia, "Liuze hilo gari." Naye akinijibu, "Nitaliuza," kama anavyojibiwa mtoto anayetaka kupelekwa baharini.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, kizuka, yaani mjane aliye edani, hatoki nje ila kwa dharura. Mavyaa wangu, mama yake mume wangu, alikuja kukaa nami. Alikuwa kafiwa na mtoto, lakini mama hana eda, kwa hivyo yeye alikuwa huru kwenda sokoni na mimi sikuwa huru. Alisema anaona haya kidogo.

Wiki ya nne akaja shemegi yangu, mdogo wake marehemu. Warithi wamekubaliana gari liuzwe. Mnunuzi yuko Chukwani, anafyatua matofali. Ataling'oa bodi la mbao na kutia la chuma la kumwaga mchanga. Atalichukua baada ya hitima ya arubaini. Wakanitaka shauri. Nikasema sawa. Ningesemaje hapana? Ndilo neno langu la miaka kumi na moja.

Alipoondoka nilisimama dirishani mpaka magharibi. Ilikuwa siku ya ishirini na mbili, na asubuhi ile nilijaribu kuikumbuka sauti ya mume wangu ikaja sauti ya mtu mwengine. Niliogopa. Sauti siwezi kuitengeneza. Nikaona gari naliweza. Nilitaka libaki moja, hata dogo, kama lilivyokuwa siku aliyolishuka, kabla watu hawajaligeuza.

Picha hazikuwapo. Katika simu yake mlikuwa na picha moja ya gari, ya tairi, aliyompelekea fundi. Shemegi aliahidi kunipigia nyengine. Akapiga moja, na yeye mwenyewe kasimama mbele, kalikinga lote.

Vipimo nilikuwa navyo. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba na kazi yangu ni kushona, na turubai la gari lile nililishona mimi. Bodi lilikuwa futi kumi na nne kwa futi sita na nusu. Nikaamua kila futi moja iwe inchi moja, maana tepu yangu ina inchi. Mbao za bodi nilizipata katika kasha la matunda, nikazichana kwa kisu na kuzisugua kwa msasa. Kichwa nilikikata katika dumu la mafuta ya kula. Plastiki ile ukiipasha juu ya mvuke wa birika inakubali kukunjwa. Tairi nilizikata katika ndara. Taa ni vifungo, na vyuma vya kupitisha tairi ni spoki za baiskeli.

Wanawake waliendelea kuja kunipa pole. Siku moja jirani mmoja alikaa, akanitazama nikisugua mbao, akamgeukia mavyaa.

"Kizuka anatengeneza nini?"

"Gari."

"La mtoto gani?"

"La mumewe."

"Mumewe si kafa?"

"Ndiyo maana," alisema mavyaa, akamwongeza chai.

Maneno yakaenea kuwa nimepungukiwa akili. Mavyaa akaona bora tuulize. Alimpigia simu kaka yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaweka sauti wazi ili na mimi nisikie.

"Kizuka hakatazwi kazi ya mikono," alisema. "Asijitie manukato, asivae dhahabu, asipake wanja."

"Na rangi?"

"Anajipaka yeye?"

"Analipaka gari."

"Sasa mimi unaniuliza nini? Apake." Tukadhani amekata simu. "Ila asitie dereva. Kitu chenye roho asikichonge."

Sikuwa nimefikiria dereva mpaka aliposema. Baada ya hapo nilimfikiria. Nilitengeneza kiti chake kwa kipande cha sponji, nikakifunika kitambaa, nikafunga mlango.

Mtu aliyelijua gari ni utingo wake. Msidhani ni kijana. Ni mtu mzima kuliko mume wangu, mwenye mvi, aliyelala juu ya magunia ya mwani miaka yote ile. Kupanda juu hakuweza, si maharimu yangu. Lakini tulikuwa na kikapu na kamba, kile cha kuteremshia pesa na kupandishia mkate. Lilipokamilika nililifunga gari ndani ya kanga, nikaliteremsha. Mavyaa alishika kamba pamoja nami. Mwenye kuuza kahawa akaacha birika lake, wapita njia wakasimama. Utingo akalifungua, akalizungusha.

"Shemegi!" aliniita kutoka chini.

"Naam!"

"Limekaa kama kobe!"

Watu wakacheka. Nikauliza kobe vipi.

"Tairi ndogo! Na nyuma umetia mbili, zinatakiwa nne, mbili mbili!"

"Kwa huku juu tairi sizioni!"

"Sasa hizi mbili umezionea wapi?"

"Nimekisia!"

Hapo nilifahamu kosa langu. Miaka kumi na moja nililitazama gari lile kutoka dirishani; nikishuka nalipita bila kuligeukia. Nilijua kila kovu la paa la kichwa chake, nilijua mbao ipi ya bodi imepasuka, hata kinyesi cha kunguru nilijua kinapokaa. Juu lilikuwa sawasawa. Kuanzia mlango kwenda chini lilikuwa gari la kubuni.

Utingo akaanza kulipima kwa uzi. Fundo la kwanza kimo cha tairi, la pili kutoka ardhini mpaka bampa, la tatu upana wa mlango. Uzi unapanda kwenye kikapu, mimi naupima kwa tepu, naandika nyuma ya daftari la wateja. Nililivunja gari mara mbili. Siku nyengine nikauliza nyuma kwenye mlango wa bodi pameandikwa nini, maana malori yote yana maandishi nyuma.

"Hamna kitu!"

"Hamna hata neno?"

"Alisema ataandika akipata neno zuri!"

Mimi nilikuwa na matumaini kuwa mlango ule una neno linalonihusu. Nikaupaka rangi ya kijani, mtupu.

Siku ya kuamkia gari kuchukuliwa, niliteremsha kazi yangu kwa mara ya mwisho. Utingo aliliweka juu ya baraza, sambamba na gari lenyewe. Akachutama. Akafunga jicho moja. Akakaa vile muda mrefu mpaka muuza kahawa akamuuliza kama anaumwa.

"Shemegi, limenyooka."

"Alhamdulillah!"

"Si alhamdulillah. Lenyewe limeinama."

"Limeinama wapi?"

"Kulia, upande wa dereva. Springi. Majani mawili, vile vyuma bapa vyake, yamekatika tangu mwaka juzi. Alisema atazitengeneza msimu ukimaliza."

"Kiasi gani?"

"Vidole vitatu."

Mavyaa alinisukuma kwa bega akatoa kichwa nje. "Mwongo huyo! Mwanangu haendeshi gari la kuinama!"

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema utingo.

"Marahaba. Mwongo!"

"Bi Mkubwa, mimi nimelipanda."

"Na mimi nimemzaa!"

Muuza kahawa naye akasogea nyuma, akalitazama lori. "Limeinama, Bi," alisema kwa upole. "Siye hapa sote tunajua." Na wale waliosimama wakaitikia kwa vichwa. Mtaa mzima ulijua. Tusiojua ni sisi wawili wa dirishani.

Kesho yake mtu wa Chukwani akaja na dereva, wakalichukua. Nilichungulia. Kwa juu lilikwenda limenyooka.

Vidole vitatu ni kama inchi mbili. Kwa kipimo changu ni unene wa vifungo viwili vya shati. Niling'oa springi za kulia, nilizokuwa nimezikata katika bati la maziwa, nikatoa majani mawili, nikarudisha. Likainama. Nililiweka juu ya meza ya cherehani, nikalitazama kwa nyuma kama alivyolitazama utingo, na hapo lilikuwa lenyewe. Nilijua vilevile kwa nini mtu haitengenezi springi ya gari. Haitengenezi kwa sababu kila wiki mkewe anamwambia aliuze. Hilo sikumwambia mtu.

Asubuhi nilikuta gari limenyooka. Chini ya tairi za kulia palikuwa na kipande cha boksi la majani ya chai, kimekunjwa vizuri. Nikakiondoa. Nilipotoka kusali adhuhuri kilikuwa kimerudi. Nikakiondoa. Mavyaa alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso. Tukaendelea hivyo wiki tatu bila ya kulizungumza, huku tunakula sinia moja na kulala chumba kimoja. Boksi lilipokwisha alianza jengine.

Siku moja akasema, "Wewe unapenda kumwonyesha mwanangu kwa watu kuwa mzembe."

"Nnapenda lifanane, Mama."

"Maiti husitiriwa."

"Na gari lake pia?"

"Na gari lake pia."

Maneno yake yalikuwa ya haki. Kumsitiri maiti ni jambo tuliloamrishwa. Nikakaa, nikasema lile ambalo sikuwa nimelisema: kwamba hakutengeneza springi kwa sababu mimi nilikuwa namwambia auze. Nilitaraji atalia au atanitukana. Alipuliza pumba kwenye ungo.

"Mimi nilimwambia asilinunue," alisema.

Kisha akainuka kwenda kuinjika wali. Jioni ile kipande cha boksi kilikuwapo kama kawaida, na mimi nilikiondoa kama kawaida.

Eda yangu ilimalizika mwezi kumi na tisa Rajabu. Nilikoga, nikavaa nguo safi, na watu wakaniuliza nataka nipelekwe wapi kwanza. Dada yangu alikuwa ameshapika. Nikasema Chukwani.

"Kuna nini Chukwani?" aliuliza shemegi.

"Anakwenda kulitazama gari," alisema mavyaa. "Na mimi nakwenda."

Shemegi akatuchukua kwa gari la rafiki yake. Tulilikuta uwanja wa matofali, limejaa mchanga. Bodi lilikuwa la chuma, la buluu. Kichwa kilipakwa buluu pia. Kama si utingo kushuka upande wa kushoto, akipangusa mikono, nisingelijua. Mnunuzi alikuwa amemchukua na yeye pamoja na gari.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba," alisema mavyaa. Safari hii hakumwita mwongo. Alilizunguka gari polepole, akarudi nyuma hatua kama kumi kwenye mavumbi, akafunga jicho moja. Hakuna aliyemfundisha kufunga jicho. Na mimi nikalitazama. Lilikuwa limenyooka, na mchanga wote ule juu yake.

"Lilikuwa limeinama upande gani?" aliuliza.

"Huu, Bi Mkubwa." Utingo alipiga kofi juu ya tairi la kulia. "Huyu mnunuzi katia springi mpya. Wiki ya mwanzo tu alitia."

Mavyaa akashika goti, akainama kuchungulia chini. Upindo wa buibui lake ulikuwa karibu kugusa grisi, nikaushika. Alikaa amechungulia muda mrefu. Springi zilikuwa nyeusi, mpya, zimepangwa jani juu ya jani, hazijapata hata kutu. Niliziona juu ya bega lake.

"Vidole vitatu?" aliuliza humo humo chini.

"Vidole vitatu, Bi Mkubwa."

Alipima vidole vyake vitatu hewani, kati ya chuma na tairi. Kisha akanipa mkono, nikamwinua.

Dereva mgeni alitoa kichwa dirishani, akasema kwa adabu kwamba mchanga unasubiriwa, tumuwie radhi. Tukasogea kando, gari likapita.